Kifafa Baada ya Kiharusi kwa Watu Wazima Vijana: Historia ya Mgonjwa Asiyehesabiwa Nchini Tanzania, kwa Mtazamo wa Iguguno, Mkoa wa Singida

1. Utangulizi

Katika nyumba ya mjomba wa mwandishi, Iguguno, yalihifadhiwa madaftari mawili ya matibabu. La kwanza lilifunguliwa siku alipoanguka kwenye mashine ya kukamua alizeti, akiwa na umri wa miaka 36. Mkono na mguu wa kulia vililegea, mdomo ukapinda, na daftarini yakaandikwa maneno mawili: presha, kiharusi. La pili lilifunguliwa katika kituo kingine mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye, alipokwisha kuanguka mara tatu akitukutika na kutokwa na povu. Humo liliandikwa neno moja tu: kifafa. Hakuna mtumishi wa afya aliyewahi kuyaweka madaftari hayo pamoja juu ya meza moja. Vidonge vya presha viliachwa, kwa kuwa nyumbani ilieleweka kwamba ugonjwa wa kwanza umepona na sasa umekuja mwingine. Kikombe chake kilitengwa na vikombe vya wenzake. Alifariki kwa kiharusi cha pili kabla ya kutimiza miaka 40.

Tukio hili moja haliwezi kubeba uzito wa takwimu, wala halikukusudiwa kufanya hivyo. Limetangulizwa kwa sababu linaibua swali la kihistoria ambalo sura hii inajaribu kulijibu: ilikuwaje magonjwa mawili yanayokaa katika kichwa kimoja yakaandikwa katika madaftari mawili? Hoja inayotetewa ni kwamba utengano huo haukutokana na uzembe wa mtumishi mmoja. Ulijengwa polepole, kwa muda wa zaidi ya karne moja, na njia tatu: maneno tunayoyatumia kuyaita magonjwa, taasisi zilizoundwa kuwatunza wagonjwa, na tafiti zilizofanywa kuwahesabu. Kifafa kilichunguzwa kama ugonjwa wa watoto na wa vijiji vya mbali. Kiharusi kilichunguzwa kama ugonjwa wa wazee na, zaidi, kama kisababishi cha kifo. Mtu mzima kijana aliyenusurika kiharusi kisha akapata kifafa aliangukia katikati ya njia hizo mbili, na hakuna aliyemhesabu.

2. Jinsi Kiharusi Kinavyozaa Kifafa

Kabla ya kuingia katika historia, ni vema kueleza uhusiano wa kitabibu uliopo. Kiharusi hutokea pale mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka, na sehemu ya ubongo iliyokosa damu hufa. Mitukutiko inayotokea ndani ya siku saba za mwanzo huhesabiwa kuwa ya mapema. Huchochewa na msukosuko wa kemia na uvimbe wa wakati ule, na aghalabu hupita. Mitukutiko inayotokea baada ya hapo ni ya aina nyingine. Huanzia katika kovu lililobaki, ambapo seli za jirani zimejipanga upya kwa namna inayozifanya zirushe umeme kwa pamoja bila mpangilio. Kovu hilo huweza kukaa kimya kwa miezi au miaka. Hatari huwa kubwa zaidi pale damu ilipovuja ndani ya ubongo na pale gamba la ubongo lilipoguswa.

Tofauti hiyo ya wakati ina uzito mkubwa katika uamuzi wa tiba. Utafiti wa Rochester, Minnesota, uliochapishwa mwaka 2009, ulionesha kwamba mtu aliyepata mtukutiko wa kwanza wa mapema alikuwa na uwezekano wa asilimia 33.0 wa kupata mwingine usiochochewa ndani ya miaka 10, ilhali kwa aliyepata mtukutiko wa baadaye uwezekano huo ulifikia asilimia 71.5. Kwa msingi wa hoja ya aina hiyo, Shirikisho la Kimataifa la Kupambana na Kifafa lilirekebisha fasili yake mwaka 2014: mtukutiko mmoja usiochochewa unatosha kuitwa kifafa iwapo uwezekano wa kurudia ndani ya miaka 10 haupungui asilimia 60. Kwa hiyo aliyenusurika kiharusi hana haja ya kusubiri aanguke mara ya pili ndipo atambuliwe. Lakini utambuzi huo unategemea jambo moja: anayemhudumia awe anajua kwamba kiharusi kilitangulia.

Kwa vijana, ushahidi ulio wazi zaidi umetoka Nijmegen, Uholanzi. Huko wagonjwa 697 waliopata kiharusi, au dalili zake za kupita, wakiwa na umri wa miaka 18 hadi 50 kati ya mwaka 1980 na 2010, walifuatiliwa kwa wastani wa takribani miaka 9. Kati yao 79, yaani asilimia 11.3, walipata kifafa. Idadi hiyo haiwezi kuhamishwa Iguguno kama ilivyo, kwa kuwa visababishi vya kiharusi, njia za utambuzi na nafasi ya kunusurika havifanani. Hata hivyo inatosha kuondoa dhana kwamba jambo hili ni adimu kiasi cha kutostahili swali. Aidha, kijana aliyenusurika ana miaka mingi mbele yake. Kovu lake nalo lina miaka mingi ya kusubiri.

3. Maneno na Mipaka Yake

Kiswahili kina maneno manne yanayohusika hapa, na kila moja lina historia yake. Degedege ni la watoto wachanga na wadogo. Jina lake linamkumbusha msemaji ndege, na katika imani za watu wengi ugonjwa huo ulihusishwa na kiumbe arukaye usiku. Utafiti wa Bagamoyo uliochapishwa mwaka 1996 ulionesha kwamba degedege lilitambuliwa na wazazi kama ugonjwa unaojitegemea, na kwamba mganga wa jadi ndiye aliyeonekana kuwa na dawa yake. Kifafa ni la mtu aangukaye mara kwa mara. Sikio la msemaji hulisikia karibu na kitenzi kufa, na mtu aliyelala bila fahamu baada ya mtukutiko huonekana kama aliyekwenda akarudi. Kiharusi, au kupooza, ni la mtu ambaye upande wake mmoja umelegea.

Neno la nne ndilo linalofundisha zaidi: kifafa cha mimba. Tiba ya kisasa hulitenga kabisa na kifafa cha kawaida, kwa kuwa mitukutiko yake hutokana na shinikizo la damu la ujauzito. Lakini lugha imeyaweka pamoja, na kwa upande mmoja imeona kitu ambacho madaftari hayakukiona. Shinikizo hilo laweza kupasua mshipa wa ubongo wa mwanamke mwenye umri wa miaka 20 au 30, na kovu litakalobaki laweza kumletea mitukutiko miaka baada ya mtoto kuzaliwa. Jirani atakayesema kwamba yule mama “kifafa chake kilianzia kwenye uzazi” atakuwa amesimulia historia sahihi ya ugonjwa, ingawa hakuifahamu njia yake. Kwa mtafiti wa historia ya afya, usemi wa namna hiyo ni chanzo cha kuchunguzwa. Kuutupa kama ujinga ni kupoteza ushahidi.

Kinyume chake, mgawanyo wa kifafa na kiharusi katika usemi wa kila siku umekuwa na madhara. Kiharusi humjia mtu aliyekuwa mzima na humfanya astahili huruma. Kifafa humfanya mtu aogopwe. Atokaye kwenye neno la kwanza akaingia kwenye neno la pili hupoteza hadhi yake kijijini, hata kama ubongo uliojeruhiwa ni uleule na jeraha ni lilelile.

4. Taasisi: Kutoka Lutindi hadi Mirembe

Mgawanyo wa maneno ulipata nguvu zaidi ulipoingia katika majengo. Mwaka 1867 iliundwa Bethel, karibu na Bielefeld, Ujerumani, ikiwa nyumba ya kuwatunza watu wenye kifafa. Kuanzia mwaka 1872 iliongozwa na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Watumishi waliotoka katika mazingira hayo walihusika na kazi ya Lutindi, katika milima ya Usambara, mahali palipoanzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani na palipogeuzwa mwaka 1904 kuwa makazi ya wagonjwa wa akili, ya kwanza katika koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki. Kuna kinaya katika jambo hili: mila ya utunzaji iliyozaliwa Ulaya kwa ajili ya kifafa ilifika kwetu ikiwa utunzaji wa wazimu, na kifafa kikaja nyuma yake kama mfuasi.

Chini ya utawala wa Waingereza, kituo kikuu kilikuwa Hospitali ya Mirembe, Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927. Kwa watu wa Singida, ambao wakati huo walikuwa ndani ya Jimbo la Kati lenye makao makuu Dodoma, hospitali hiyo haikuwa jina la mbali. Athari yake ya kudumu ni kwamba kifafa kilikaa chini ya mwavuli wa magonjwa ya akili. Hata leo, katika sehemu nyingi za nchi, mwenye kifafa hupokea dawa katika kliniki ya afya ya akili, ilhali mwenye presha hupokea zake katika kliniki ya magonjwa ya ndani au ya magonjwa yasiyoambukiza. Milango ni miwili, rejesta ni mbili, na siku za kliniki ni mbili. Madaftari mawili yaliyotajwa mwanzoni yana asili ya zamani kuliko vituo vilivyoyaandika.

5. Mahenge: Kifafa Kinapohesabiwa

Mwanzo wa utafiti wa kina wa kifafa nchini unafungamana na Mahenge, wilayani Ulanga. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alifika Tanganyika mwaka 1959 na kuanzisha kliniki ya kifafa Mahenge mwaka uliofuata. Miongoni mwa Wapogoro aliwakuta wagonjwa waliotengwa, wengi wakiwa na makovu ya moto, na watoto waliokuwa wakitikisa vichwa kwa namna ambayo baadaye ilivuta macho ya watafiti wa nchi nyingi. Dawa aliyoitegemea ilikuwa fenobabitoni, ambayo uwezo wake wa kuzuia mitukutiko ulitangazwa na Alfred Hauptmann mwaka 1912.

Urithi wa Mahenge ni mkubwa. Mwaka 1992 Henry Rwiza na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vijiji 11 vya Ulanga, miongoni mwa watu wapatao 18,000. Walitambuliwa wagonjwa 207, na kiwango cha jumla kikawa 10.2 kwa kila watu 1,000, kikitofautiana sana kati ya kijiji na kijiji. Mwaka huohuo Jilek-Aall na Rwiza walieleza hali ya wagonjwa 164 waliofuatiliwa kwa miaka 30: watu 110 walikuwa wamefariki, na zaidi ya nusu ya vifo vilihusiana na kifafa chenyewe, vikiwemo vya kuzama majini na kuungua. Mwaka 1993 ulifuata utafiti wa mitazamo uliowahoji wakuu wa kaya 3,256. Asilimia 40.6 waliamini kwamba kifafa huambukiza. Ni asilimia 50.8 tu walioona kwamba dawa za hospitali zinafaa. Na asilimia 62.7 hawangemruhusu mtoto mwenye kifafa kwenda shule.

Kazi hizi ni msingi wa kila kilichofuata, na mwandishi anazitegemea. Hata hivyo ziliacha picha fulani ya mgonjwa: mtoto au kijana wa kijiji cha mbali, aliyeanza kuanguka mapema maishani. Picha hiyo ilikuwa sahihi kwa Ulanga. Ilipogeuka kuwa picha ya kifafa chote cha Tanzania, ilimficha mtu ambaye kifafa chake kilianza akiwa na watoto wanne na deni la pembejeo.

6. Kiharusi Kinapohesabiwa

Kiharusi kilipata wahesabuji wake baadaye. Mradi wa kuchunguza maradhi na vifo vya watu wazima, ulioendeshwa katika maeneo ya Dar es Salaam, Hai na Morogoro, ulikusanya kati ya mwaka 1992 na 1995 taarifa za vifo kwa kuwahoji ndugu wa marehemu. Matokeo yaliyochapishwa na Richard Walker na wenzake mwaka 2000 yalionesha vifo 421 vya kiharusi, sawa na asilimia 5.5 ya vifo vya watu wazima vilivyoandikwa. La kushtua zaidi ni kwamba katika umri wa miaka 15 hadi 64, viwango vya vifo vya kiharusi vilikuwa juu kuliko vya Uingereza na Wales. Ugonjwa ulioaminika kuwa wa wazee wa nchi tajiri ulikuwa ukiwaua watu wa umri wa kazi katika nchi maskini.

Uchunguzi uliofuata, wa mwaka 2003 hadi 2006, ulihesabu viharusi vipya: 315.9 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka Dar es Salaam na 108.6 Hai, baada ya kusawazisha umri. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliona kwamba takribani theluthi moja ya wagonjwa wa kiharusi waliochunguzwa walikuwa na umri wa miaka 18 hadi 45, na kwamba shinikizo la damu lilikuwa kihatarishi kikuu hata miongoni mwao.

Lakini chombo kilichotumika kuhesabu kina kikomo chake. Kuwahoji ndugu kuhusu kifo hunasa kiharusi kinachoua. Aliyenusurika, akaanguka mtoni miaka mitatu baadaye kwa sababu ya mtukutiko, ataandikwa kuwa amekufa maji. Aliyeungua jikoni ataandikwa kuwa ameungua. Uchunguzi wa kaya kuhusu kifafa, kwa upande wake, utamnasa mtu huyo akiwa hai, lakini bila picha ya ubongo na bila daftari la kwanza, kisababishi chake kitabaki hakijulikani. Njia zote mbili ni halali, na zote mbili hupita kando yake.

7. Kwa Nini Iguguno

Iguguno ni kata ya Wilaya ya Mkalama, wilaya iliyoundwa mwaka 2012 kwa kuigawa Iramba na ambayo makao yake makuu yako Nduguti. Iko kando ya barabara kuu itokayo Singida kuelekea Nzega na Mwanza. Nafasi hiyo inaifanya ifae kwa swali hili kwa sababu tatu.

Kwanza, Iguguno inavunja mgawanyo wa mji na kijiji uliotawala tafiti zilizotajwa. Ni mahali pa wakulima na wafugaji, na wakati uleule ni mahali pa malori, maduka, mafuta ya kupikia na maisha ya barabarani. Presha imekwisha kufika. Mashine ya kupima presha hutangulia, au huchelewa, kutegemea kituo. Utafiti wa mwaka 2008 uliolinganisha Dar es Salaam na Hai ulionesha kwamba mjini watu wengi walikihusisha kiharusi na mashetani na uchawi, ilhali Hai walitaja zaidi sababu za kimwili. Matokeo hayo, yaliyokwenda kinyume cha matarajio, yanatuonya tusidhani tunajua mapema watu wa mahali kama Iguguno wanaamini nini.

Pili, eneo hili lina visababishi vingine vya kifafa cha utu uzima vinavyoweza kuchanganywa na kovu la kiharusi. Katika Wilaya jirani ya Mbulu, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta dalili za minyoo tegu katika asilimia 17.4 ya nguruwe 770 waliokaguliwa ndimi zao. Mayai ya minyoo hiyo yakiingia mwilini mwa binadamu, viluwiluwi vyake vyaweza kujenga malengelenge ndani ya ubongo. Kwa hiyo mtu wa miaka 40 anayeanza kuanguka Mkalama ana zaidi ya maelezo moja yanayowezekana, na swali la kama aliwahi kulegea upande mmoja huwa ufunguo usiogharimu chochote.

Tatu, njia za tiba za eneo hili zimepita katika mikono mingi: waganga wa jadi, misheni za Kilutheri zilizojenga huduma za afya Iramba, Hospitali ya Haydom iliyofunguliwa mwaka 1955 upande wa Mbulu, na zahanati za serikali. Kila mkono uliandika kwa namna yake, au haukuandika. Kumbukumbu ya familia ndiyo peke yake iliyokuwepo muda wote.

8. Hitimisho

Historia iliyosimuliwa hapa ina matokeo ya kitabibu. Mwenye kifafa kilichotokana na kiharusi anahitaji tiba mbili kwa pamoja: ya kuzuia mitukutiko na ya kuzuia kiharusi kingine. Fenobabitoni, kwa wema wake wote, huharakisha kazi ya ini na hivyo huweza kupunguza nguvu ya baadhi ya dawa nyingine, zikiwemo za kuzuia damu kuganda na baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI. Ikiwa aiandikaye hajui ugonjwa uliotangulia, hana namna ya kupima jambo hilo. Na mgonjwa asipoambiwa kwamba ugonjwa wa pili ni mtoto wa ule wa kwanza, ataona ni busara kuacha vidonge vya ule uliokwisha.

Katika sura zinazofuata, mbinu itakayotumika ni kuanza na familia kabla ya rejesta: kuwauliza ndugu wa kila mtu aliyeanza kuanguka akiwa mtu mzima yaliyomtokea katika miaka iliyotangulia, kisha kulinganisha masimulizi na maandishi yoyote yaliyosalia. Masimulizi yana udhaifu wake. Miaka huchanganyika na sababu hubuniwa baada ya tukio. Lakini katika suala hili ndiyo yanayovuka pengo ambalo taasisi zimeliacha wazi. Mama yake mjomba, asiyejua kusoma, ndiye aliyeyafunga madaftari yale mawili kwa uzi mmoja na kuyaweka ndani ya sanduku. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba yote ni ya mtu mmoja.